Kipande cha Kumi na Mbili

Kansanga, 27 Aprili 2025

Mwanangu Kasereka, papa wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa dada yako Estelle anakohoa kidogo tangu mvua zianze, na mimi mguu wangu ni ule ule. Dada yako huyo amekuwa wa pili katika mtihani wa Luganda, akawaacha nyuma watoto wa wenyeji kabisa. Mwalimu wake aliniuliza watoto wangu nawalisha nini. Nikamwambia sombe na makayabu, majani ya muhogo na samaki wa chumvi, basi.

Kabla sijaendelea, nakusalimu na wewe afande unayefungua barua hii. Nimeambiwa pale getini kwamba zinasomwa zote. Hakuna ubaya. Soma vizuri, ujue ni mtoto wa nani unakaa naye humo. Huyu ninayemwita papa, kama sisi Wakongo tunavyowaita wana wetu, ni Tresor Kasereka, mtoto wangu wa tatu wa kiume, aliyeingia Uganda na miaka tisa akiwa na sufuria kichwani, na leo anafanya kazi na vitu ambavyo jicho la mtu halivioni. Muulize akueleze. Hatakataa, ana moyo mwema, shida yake ni kunyamaza.

Papa, siku ile ya kukutembelea ilinichanganya. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kuanzia Kansanga mpaka gereza la Luzira, nikafika, yule askari akasimama karibu nasi, na mimi nikazungumzia sabuni. Muda wote ule sabuni. Na wewe ukanijibu sabuni.

Kanisani wamekuulizia. Nimewaambia umeitwa Ubelgiji ghafla, kuongeza masomo. Usinikasirikie. Mama Esperance akataka kujua mji gani, nikasema Liège, ndio uliokuja mdomoni. Sasa ananidai picha. Na kila Jumatano ninapokuletea vitu hapo getini, nasema nakwenda Port Bell kununua samaki, kwa hiyo lazima nirudi na samaki kweli. Tumekula samaki mpaka Estelle ameniuliza tumemkosea nani.

Sasa jambo lenyewe. Yule wakili wa wakimbizi, kijana mwenye miwani, anasema kulileta sanduku la vipande vya maabara nyumbani lisilowe si tatizo kubwa. Ijumaa ile maji ya mvua yaliingia maabara mpaka kwenye kabati, kila mtu aliona, hata mkubwa wako Daktari Farhana angekusamehe. Tatizo ni kwamba Jumanne yake mwenzako Swaib alikukuta unaviosha vile vipande kwa tindikali, umejifungia mlango, na kwenye daftari la kazi hukuandika neno. Halafu vilipohesabiwa vikawa kumi na kimoja badala ya kumi na viwili, na vyote vimeharibika. Wakili anasema mtu anayeosha ana kitu anaficha.

Kwa nini uliviosha, papa? Sema tu, tujue pa kuanzia.

Nimekuachia sukari, sabuni, na samaki. Samaki ni wengi.

Mama yako anayekupenda,
Perpétue


Luzira, 18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Estelle. Barua imefika, na vitu vyote. Mimi ni mzima. Nalala karibu na dirisha, jambo ambalo humu ni bahati. Mwambie Estelle hongera, lakini kikohozi chake kikipita wiki mbili aende kupimwa. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu kila siku kazini, isiwe nyumbani kwetu ndio tunangoja.

Salamu zako kwa afande zimefika pia. Anaitwa Okot. Aliniita mezani kwake nikadhani nimefanya kosa, kumbe anataka nimweleze kazi yangu, kwa kuwa mama yangu amemwagiza aulize. Nikamchorea nyuma ya kalenda. Wakati nachora nikakumbuka kwamba wewe mwenyewe sikuwahi kukueleza. Nilikuwa nakwambia ni vitu vidogo sana, Mama, halafu nakula, nalala.

Kila kipande ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, cheusi, kinang'aa. Katikati kina dirisha ambalo upana wake haufiki upana wa unywele. Dirisha hilo limezibwa na utando. Chukua karatasi hii uliyoishika. Ukiugawa unene wake mara elfu tano, sehemu moja ndiyo utando wetu. Si ngozi, si nailoni, ni kitu kigumu karibu na kioo, lakini kwa wembamba huo hata kioo hakina nguvu. Kwenye utando tunatoboa tundu moja tu. Upande huu maji ya chumvi, upande ule maji ya chumvi, na umeme mdogo unapita katikati. Halafu tunaweka kile tulichokitoa kwenye makohozi ya mgonjwa. Nyuzi za vinasaba vya vijidudu zinavutwa na umeme, zinapita katika tundu moja moja. Uzi unapopita unaliziba tundu kidogo, umeme unashuka, na kwa namna unavyoshuka tunajaribu kujua ni nani amepita. Tulitaka kuona kama siku moja mtu wa kifua kikuu anaweza kupata jibu lake akiwa bado amekaa kwenye benchi, badala ya kurudishwa nyumbani akangoje.

Afande Okot alitazama mchoro, akasema, "Mmoja mmoja, na unajua nani amepita. Hiyo ni kazi yangu mimi." Tukacheka wote wawili.

Kuhusu kuosha, tuache. Nilichukua sanduku bila ruhusa, likawa mikononi mwangu, basi. Na yule wakili akija nyumbani akakuuliza habari za ile Jumamosi sanduku lilipokuwa nyumbani, mwambie ulishinda sokoni.

Mwanao,
Tresor


Kansanga, 1 Juni 2025

Papa Kasereka,

Amani iwe nawe, na kwa afande Okot pia, ambaye sasa ni kama mtu wa nyumbani. Estelle amepimwa, hana kitu, kikohozi kimekwenda. Mwenye nyumba amepaka ukuta wa mbele rangi ya njano, tumekuwa kama duka. Mguu ni ule ule.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale pa karatasi nilisimama mlangoni nikaiinua kwenye jua. Elfu tano! Nani mwingine katika Kansanga hii ana mtoto anayeshika kitu cha namna hiyo? Nilitamani kumsomea Mama Esperance, ambaye binti yake yuko benki na anadhani benki ndio mwisho wa dunia. Lakini ningemsomea vipi barua yenye muhuri wa Luzira? Nikaikunja, nikaificha chini ya unga. Naficha kila kitu siku hizi. Juzi alikuja kunisalimu, akakaa juu ya kile kiti chako, akaniuliza kama huko Liège unapika mwenyewe. Nikamwambia kuna mama mmoja wa Bukavu anakupikia. Sasa huyo mama ana jina, ana mume, ana ugonjwa wa sukari. Nikikaa kimya Mama Esperance ananiuliza hali yake.

Kanisani Mchungaji Jean-Claude ametukumbusha tena malimbuko. Unajua desturi yetu, kitu cha kwanza cha kazi ya mtoto ni cha madhabahu. Fundi wa pale kona alileta kiti chake cha kwanza, mguu mmoja mfupi, watu wakashangilia. Mimi nilishatoa. Ilikuwa Aprili. Nilitoa mbele ya wote na walipiga makofi. Tuache hayo.

Wakili alikuja. Nikamwambia nilishinda sokoni, akaandika. Alipoondoka nikabaki najiuliza kwa nini ulitaka niseme hivyo, wakati mimi sikukuambia nilikuwa wapi, na wewe siku nzima ile ulikuwa maabara mnatoa maji kwa ndoo.

Nina swali, si la maana. Hivi mtu akikigusa kipande kimoja, mtu aliyenawa, kwa upendo kabisa, tuseme anakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge ili wageni wakione vizuri, kinaharibika? Au kinavumilia? Nauliza tu kwa sababu ya elimu.

Mama yako,
Perpétue


Luzira, 29 Juni 2025

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulipelekwa mahakamani mara mbili, mara zote kesi ikaahirishwa, na hapa karatasi hazipatikani kila siku. Hii nimepewa na afande Okot. Anakusalimu.

Swali lako nalijibu kwa sababu ya elimu. Kinaharibika. Pumzi ya mtu anayecheka karibu yake inatosha. Tone la maji likikauka juu yake linatosha. Nia ya mtu haihesabiwi, Mama, utando haujui aliyeushika alikuwa anaupenda au anauchukia. Sisi wenyewe tulivunja vingi mwanzoni, na tulikuwa tumefundishwa. Daktari Farhana alisubiri sanduku lile karibu mwaka mzima kutoka ng'ambo, na siku lilipofika alituonyesha akiwa amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kwa hiyo namwelewa alivyonitazama siku ile. Sina kinyongo naye.

Na kwa kuwa umeniuliza kwa nini niliviosha, nitakwambia hiki tu, halafu usiniulize tena. Jumanne asubuhi niliweka kipande cha kwanza chini ya hadubini. Nilichokiona nilikuwa nakijua kabla sijajua kusoma. Kilinipaka mafuta kifuani nilipokuwa na homa. Kilipima uji wangu kama umepoa. Nikatazama cha pili, kipo. Cha tatu, kipo. Vyote kumi na kimoja. Swaib alikuwa anapanda ngazi, namsikia anaimba. Sikutaka akione.

Cha kumi na mbili sijui kiliko. Popote kilipo, kibaki huko.

Kesi ni tarehe 14 Agosti. Nimeamua kukubali kosa. Wenzangu wanasema anayekubali hupunguziwa. Yaishe.

Mwanao,
Tresor


Kansanga, 13 Julai 2025

Papa,

Leo sina salamu ndefu. Estelle mzima.

Barua yako ilinikuta nasonga ugali. Nikaisoma nimesimama. Ugali uliungua na sikusikia harufu, ni Estelle aliyekuja kuzima moto. Tangu hapo natazama mkono wangu. Unakumbuka kile kisu cha muhogo kule Butembo, jinsi jeraha lilivyopona vibaya, likaacha njia mbili? Nilikuwa nimelisahau. Mtu hatazami mkono wake mwenyewe.

Usikubali kosa. Ningoje kidogo. Naogopa, papa. Kuna kitambulisho changu cha ukimbizi, kuna Estelle, kuna wale wanawake ambao nimewajengea Ubelgiji nzima. Kila mlango ninaoufikiria nakuta mimi mwenyewe nimesimama pale nikijizuia.

Ningoje.

Mama yako


Luzira, 27 Julai 2025

Mama,

Afande Okot alinipa barua yako bila kunitazama usoni. Amekuwa mpole kupita kiasi siku hizi, na hilo linaniogopesha zaidi.

Nakuomba usifanye lolote. Mimi nimeshazoea humu. Nafundisha watu wawili hesabu, najua saa ya maji, najua ni nani wa kukwepa. Wewe hutazoea. Estelle ana mtihani wake mkubwa Novemba. Wakikuchukua wewe, nani atamwamsha? Nani atamsuka? Baba hayupo, yaya wawili, kaka zangu wakubwa, tuliwaacha kule Kongo na hatujui waliko. Nimefanya hesabu hiyo kila siku, jibu ni moja, abaki anayeweza kubaki naye.

Ukinipenda, kaa kimya.

Tresor


Kansanga, 10 Agosti 2025

Mwanangu Tresor Kasereka,

Nakusalimu, na Estelle anakusalimu, na Mama Esperance anakusalimu. Ndiyo, yeye. Utaelewa. Afande Okot, hapa soma polepole, na umpe barua hii kabla ya Alhamisi, nakuomba kama mama yako.

Hesabu yako nimeisoma. Umenitoa mahali pasipotakiwa. Mimi ni mama wa wawili humu Kampala, si wa mmoja.

Sasa nasema yote bila kufunika. Jumamosi ile wanawake wa kwaya walikuja kwangu. Nikawa najisifu, kama kawaida yangu, na Mama Esperance akasema kila siku tunasikia kazi ya Tresor lakini hatujawahi kuiona. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nilitoa vipande kimoja kimoja. Nilikuwa nimetoka kukaanga ndizi kwa mawese. Mkono nilinawa, lakini mawese unayajua. Kila kimoja nilikishika, nikakifuta kwa kitenge, nikakionyesha, nikakirudisha mahali pake, kwa mstari mzuri sana. Walivipulizia, walicheka, mmoja alikiweka sikioni. Nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Jumapili nikachukua kimoja kikiwa ndani ya bahasha, nikakitoa malimbuko. Niliwaza kwamba viko kumi na viwili, wazungu watatuma vingine, Mungu yeye anapata kimoja tu. Sanduku nikalifunga na ile plasta yake. Hukujua.

Na ulipokamatwa nilijua siku hiyo hiyo. Nisikudanganye. Nilijua hata siku ile tulipozungumzia sabuni.

Jumapili iliyopita nikasimama wakati wa ushuhuda. Walidhani naleta habari za Liège. Nikasema, "Tresor hajaenda Ubelgiji. Yuko Luzira, na mimi ndiye niliyemweka." Hakuna aliyepiga makofi. Nikaeleza yote, mpaka yule mama wa Bukavu na ugonjwa wake wa sukari, nikamwomba Mungu radhi kwa ajili yake pia. Mchungaji akaenda kwenye kabati la Biblia, akarudi na bahasha yangu, haijafunguliwa, jina langu juu. Alisema tangu kanisa lianze hajawahi kurudisha malimbuko, na akanirudishia.

Nje nikawa natembea haraka nisikutane na macho ya mtu. Mama Esperance akanifuata na viatu vyake vile virefu. Nikajua sasa nitasikia. Akasema alijua kuna jambo tangu habari ya samaki, hakuna mtu mwenye furaha anayekula samaki kiasi kile. Halafu akasema, "Ni mimi niliyesema tukione. Na nilikipulizia." Akaniomba Estelle. Mtoto ameshahamia kwake kwa muda, analala na vitabu vyake, na kila asubuhi anaamshwa na yule binti wa benki. Wanasuka mistari midogo ambayo mimi sina subira nayo. Kwa hiyo kama ni nani atamwamsha, umejibiwa.

Jumatatu nikaenda na wakili mpaka Mengo, kwa Daktari Farhana. Nilivaa kile kitenge cha sherehe, nisiingie kama mtu anayeomba. Alinipokea kwa adabu lakini uso umefungwa. Niliweka bahasha mezani, nikaeleza. Hakunikatiza. Akavaa mipira ya mikononi, akakitoa kipande kwa kibanio kidogo, akakiweka chini ya hadubini yake, akatazama, akakaa hivyo muda mrefu. Akanisogezea kiti.

Papa, nimeona. Kwanza ni matuta, matuta mekundu yaliyopinda, kama mashamba ya kwetu mlimani ukiyatazama kutoka upande wa pili wa bonde. Na katikati yamekatwa na njia, na ile njia inagawanyika mara mbili. Kidole changu, hakuna mwingine mwenye hicho. Akanionyesha na dirisha lako. Kwa shida yote hii nilitarajia kitu kikubwa. Ni kitundu cheusi tu, na kwenye pembe kimebaki kipande cha utando kimejikunja. Nikauliza kama kinashonwa. Alisema hapana.

Akaniwekea wino, nikabonyeza kwenye karatasi, akalinganisha. Halafu akauliza, "Mwanao alijua?"

Nikamwambia, "Alikuwa anakijua kabla hajajua kusoma."

Daktari akavua miwani. Alisema miezi minne amekuwa akijiuliza amekulea vibaya wapi katika kazi. Nikamwambia kulea nililea mimi, ndio maana.

Sikiliza sasa mambo ya sheria, wakili amenirudisha mara mbili ili niyaandike sawasawa. Daktari Farhana ameandika barua kwa mwendesha mashtaka kwamba kipande kimepatikana, kwamba hakukuwa na wizi, na kwamba kosa lako ni la kazini, utajibu kwake. Yeye hawezi kufuta kesi, atakayeamua ni hakimu. Mimi nimeandika maelezo polisi, kurasa tatu, kwa mkono wangu, na yule polisi alisifu mwandiko. Wanaweza kunishtaki, wanaweza kuniacha, hawajasema. Nimeambiwa nisitoke Kampala. Ningeenda wapi? Ukumbi wa mahakama nimeshauona. Nimechagua benchi ambalo utaniona ukiingia.

Kwa hiyo Alhamisi ukiulizwa, usikubali. Usinilinde tena, Kasereka. Nimechoka kulindwa, kunabana kuliko huko uliko. Sema ulichoona, sema ulikiosha, sema kwa nini. Taja jina langu lote, Perpétue Masika, wasije wakamwandika mtu mwingine. Nami nitasimama niinue kidole, kila mtu akione.

Jambo moja la mwisho. Wakati natoka, Daktari alisema kile kipande ni ushahidi kwa sasa, lakini kesi ikiisha anaweza kukiosha, asiye na haja ya kuona asione. Alisema kwa wema. Nilimshukuru, nikamwambia hapana, akiache kilivyo, akiweke kwenye sanduku pamoja na vile vingine. Mwanangu ameosha kumi na kimoja. Hiki ni changu.

Mama yako,
Perpétue